Kuipeleka Familia Kwenye Mikoko ya Kunduchi: Mwongozo wa Nusu Siku

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi wa Dar es Salaam huuliza maswali yale yale kuhusu mikoko ya Kunduchi: twende saa ngapi, watoto wavae nini, ruhusa huombwa wapi, na lile tope lina hatari gani. Mwongozo huu ni wa familia ambayo haijawahi kuingia kwenye ardhioevu ya aina hii na ambayo inataka kwenda na kurudi ndani ya nusu siku. Unahusu mikoko iliyo kando ya hori ya Kunduchi peke yake, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu. Usiutumie kwa delta ya Rufiji au mlango wa mto Wami, kwa kuwa huko kuna mamba na viboko, na familia haipaswi kutembea kwa miguu majini.

Safari nyingi huharibika kwa sababu ya saa. Watu huchagua Jumapili kwa kuwa ni siku ya mapumziko, hufika saa 5 baada ya ibada wakiwa wamevaa nguo nyeupe, na kukuta maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko. Watoto hubaki garini wakitafuna karanga, kisha wote hurudi mjini wakisema kule hakuna cha kuona. Kwenye mikoko, bahari ndiyo inayopanga saa ya kufika, nawe unachagua siku baada ya kuijua saa hiyo.

Vitu vya kuandaa

- Viatu vya kufunga kwa kamba, hasa raba kuukuu ambazo hutazionea uchungu. Kandambili hubaki kwenye tope katika hatua ya tatu. Gambuti, ambazo wengi hudhani ndizo zinazofaa, huingiwa na tope kwa juu na kunasa kiasi kwamba mtoto huutoa mguu na kukiacha kiatu.
- Suruali nyepesi na shati la mikono mirefu kwa kila mmoja, pamoja na kofia. Mbu wa kwenye mikoko huuma hata mchana, na jua la kwenye tope lililo wazi huchoma.
- Fimbo ndefu ya kupimia tope, moja kwa kila mtu mzima, itakayotoka nyumbani. Usikate tawi huko. Sababu utaiona katika hatua ya 2.
- Maji ya kunywa yasiyopungua lita 1 kwa kila mtu, na dumu jingine la lita 10 la kunawia miguu.
- Chakula kisichohitaji vyombo, kama mihogo ya kukaanga, mayai ya kuchemsha, chapati na ndizi. Kibebe kwenye kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na isitoshe kasa wa baharini hawahitaji mfuko mwingine wa kuutafuna.
- Doti moja ya khanga kwa kubadilishia nguo na kufutia watoto.
- Sabuni, pamba, plasta na dawa ya kusafishia vidonda.
- Darubini, ikiwa unaweza kuazima. Moja inatosha familia nzima.
- Noti ndogo ndogo kwa ajili ya mwenyeji atakayewaongoza na, mkipenda, nahodha wa mtumbwi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku kwa kuuangalia mwezi.

Bahari yetu hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda wa saa 24 na takriban dakika 50, na kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuzidi mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Jambo linalowanufaisha wakazi wa Dar es Salaam ni kwamba bamvua ya hapa hupwa mchana kabla ya adhuhuri. Katika siku hizo maji huwa chini kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kisha hupanda hadi kujaa kabisa kati ya saa 10 alasiri na jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ndipo bahari inapojaa, na hata ikipwa alasiri, tope linaloachwa wazi ni dogo. Kwa hiyo, ukiwa na kalenda yenye tarehe za Kiislamu, tafuta tarehe 1 hadi 3 au tarehe 15 hadi 17 za mwezi wowote, kisha uone ni ipi inayoangukia siku ambayo familia haina shughuli. Ukishaipata, thibitisha saa kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, au muulize mvuvi yeyote wa Kunduchi, ambaye atakujibu bila kuangalia karatasi.

Kuhusu majira, epuka masika, yaani Machi hadi Mei. Mvua hushusha maji machafu ya mjini kupitia mito na mifereji, na si vyema watoto wakayachezea. Anayetaka ndege wengi aende kati ya Oktoba na Machi, kwa kuwa ndipo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa kwenye pwani yetu. Anayetaka hali ya hewa ya kupendeza, aende Juni hadi Septemba.

2. Omba ruhusa kabla ya kwenda, na umtafute mwenyeji.

Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Kuwa karibu na nyumba za watu hakuifanyi kuwa uwanja wa wazi. Fika au piga simu kwenye ofisi ya TFS siku kadhaa mapema, eleza idadi ya watu na kwamba mnakwenda kutazama tu, na ufuate utaratibu utakaoelekezwa. Kama kuna ada, malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa. Usimkabidhi mtu fedha mkononi njiani kwa madai kwamba yeye ndiye hifadhi.

Baada ya hapo, pita kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na uombe kuelekezwa kwa mwenyeji anayelijua tope, kwa mfano mvuvi au mtu aliyeshiriki kupanda miche ya mikoko. Ni mtu huyo atakayejua ni wapi ardhi inabeba mtu na ni wapi inazamisha. Kubalianeni malipo yake kabla ya kuanza kutembea, pamoja na muda wa kusubiri.

Onyo: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti ya hifadhi bila kibali, na haitofautishi kati ya boriti na fimbo ya mtoto. Waeleze watoto mapema kwamba hakuna kitakachong'olewa wala kubebwa, wakiwemo kaa.

3. Fanya hesabu ya saa na uiandike.

Chukua saa ambayo maji yatakuwa chini kabisa, na uhesabu kurudi nyuma. Kama ni saa 5 asubuhi, panga kufika Kunduchi saa 3, kuingia kwenye mikoko saa 3 na nusu maji yakiwa bado yanashuka, na kuanza kurudi saa 5 kamili. Kutembea wakati maji yanashuka ndiyo kinga kubwa kuliko zote, kwa sababu kila dakika inayopita inakuongezea nchi kavu. Mtu anayeingia maji yakiwa yameanza kupanda huona mwanzoni kwamba yanakwenda polepole, ambavyo ndivyo kweli, lakini katika saa ya 3 na ya 4 tangu yageuke hupanda kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na vijito vidogo alivyovivuka akija humkata nyuma.

4. Safiri mapema, na mtumie choo kabla ya kushuka.

Kwa daladala, fuata barabara ya Bagamoyo, shuka Mtongani, kisha chukua bajaji kuelekea pwani. Mwenye gari aliache mahali mwenyeji atakapoonyesha, si juu ya mchanga laini. Kwenye mikoko hakuna choo, na mtoto atalikumbuka jambo hilo mkiwa mbali.

Mkipita karibu na wavuvi au kina mama wanaookota chaza na kombe, salimieni kwanza. "Shikamoo mzee, tunaomba kupita" inatosha, na mara nyingi hukuletea maelezo ambayo hutayapata kwa mtu mwingine. Usimpige mtu picha akiwa kazini bila kumwomba.

5. Ingieni kwa mstari, mwenyeji mbele na mtu mzima nyuma.

Mwenyeji anapima kwa fimbo, watoto wanakanyaga alipokanyaga. Tope likifika juu ya kifundo cha mguu wa mtoto, mnageuza njia. Hakuna sababu ya kwenda ndani zaidi, kwa kuwa vitu vya kuvutia viko pembeni. Kwa maoni yangu mtoto aliye chini ya miaka 4 asishushwe kwenye tope kabisa. Abebwe mgongoni kwa khanga, au abaki kwenye mchanga mgumu na mmoja wa wazazi.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kushika mizizi na mashina ili kujizuia kuanguka: chaza hung'ang'ania humo, na kingo za magamba yake hukata kiganja kabla hujahisi maumivu. La pili ni kukanyaga vijiti vinavyochomoza kwenye tope kama penseli zilizosimamishwa. Hivyo ni mizizi ya mchu, ambayo mti huo huitumia kuvuta hewa kwa sababu ndani ya tope hakuna hewa. Ukiivunja, umeuziba mti pumzi.

Mkifika kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga chini, wafundishe watoto kuburuza miguu badala ya kuinua na kutua, ili taa, yaani samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia ahisi mtikisiko na kuondoka.

6. Simameni, mnyamaze, msubiri.

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo safari yenyewe. Mnapofika, tope huonekana tupu, lenye vitundu tu. Chagueni sehemu yenye vitundu vingi, msimame hatua kadhaa kutoka hapo, na mtu yeyote asisogeze hata mkono kwa muda wa dakika 5. Kivuli chenu kisiangukie kwenye vitundu hivyo.

Kwanza hutokea macho, yaliyo juu ya vijiti viwili vyembamba. Kisha kaa mzima hutoka, akifuatiwa na wa kitundu cha jirani, hadi eneo zima linasogea. Kati yao kuna wenye gando moja kubwa lenye rangi, wakati mwingine kubwa karibu sawa na mwili. Hao ni madume. Gando hilo hawalitumii kulia. Hulipunga ili kuwaita majike na kuwatisha madume wengine, na chakula hukichota kwa lile gando dogo la upande wa pili. Jike ana magando mawili madogo, na kwa hiyo hula kwa mikono yote miwili. Mwambie mtoto amwangalie mmoja tu kwa muda: atamwona akichota tope, akilipeleka mdomoni, akichuja kilicho chakula, na kuliacha tope lililobaki kwa umbo la kidonge kidogo cha duara. Vidonge hivyo vilivyotapakaa kuzunguka kila kitundu ni alama ya mlo wa asubuhi hiyo.

Karibu na maji mtaona samaki mdogo wa kahawia, mwenye macho juu ya kichwa, akitembea juu ya tope kwa mapezi yake na kuruka akishtuliwa. Huyo anaweza kukaa nje ya maji kwa sababu hupumua pia kupitia ngozi yake, mradi ibaki na unyevu. Watoto hutaka kumkamata, na hawafanikiwi.

7. Tambueni miti michache kwa majina yake.

Usijaribu aina zote. Tatu au nne zinatosha kwa siku ya kwanza. Mkoko wenyewe hutambulikana kwa mizizi yake inayojipinda kutoka kwenye shina na kushuka kwenye tope, na kwa chipukizi refu la kijani linaloning'inia: mbegu yake huota ikiwa bado mtini, kisha huanguka na kuchomeka kwenye tope au kuelea hadi mahali pengine. Mchu mmeshaujua kwa mizizi yake. Majani yake hutoa chumvi, na asubuhi ya jua kali mtoto akipitisha kidole upande wa juu wa jani na kukionja, ataisikia. Mkandaa ni mdogo zaidi, na magome yake yalitumika kutengenezea ngozi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo ambalo likipasuka hutoa mbegu zenye pembe pembe, na watoto wakiziokota chini wanaweza kujaribu kuzipanga upya ziwe tunda. Wakimaliza waziache hapo hapo.

8. Tazameni ndege mkiwa mnarudi kwenye tope lililo wazi.

Yangeyange ni rahisi kwa weupe wake, mdiria kwa rangi yake ya buluu na tabia ya kukaa peke yake juu ya tawi akiangalia chini. Korongo husimama bila kutikisika. Vitwitwi hukimbia kwa makundi kando ya maji, na sululu utamtambua kwa mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, anaoutumbukiza kwenye vitundu vya kaa. Msiwakimbilie: ndege wahamao wanahitaji kula vya kutosha kwa ajili ya safari ya kurudi kaskazini, na kila wanaporushwa hupoteza nguvu.

9. Saa ya kurudi ikifika, rudini.

Hata kama mtoto amegundua kitu kizuri wakati huo huo. Mtu mzima wa nyuma ndiye ashike saa, wala si yule anayepiga picha.

10. Oshaneni, kuleni, na mkiwa na muda pitieni magofu.

Nawisheni miguu na mikono kwa sabuni kabla mtu yeyote hajagusa chakula. Kunduchi ina magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo mengine yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Ni mwendo mfupi, na mtoto aliyechoka na tope hufurahi kukaa kwenye kivuli akisikiliza habari nyingine.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

Mguu umenasa. Usiuvute kwenda juu kwa nguvu, kwa kuwa tope huvuta pia, na mguu wa pili huzama zaidi. Egemea nyuma ili uzito uondoke mguuni, uchezeshe mguu taratibu ili maji na hewa viingie pembeni yake, elekeza vidole chini, kisha utoe polepole. Mtoto atolewe na mtu aliyesimama mahali pagumu, akimshika kwapani.

Mtu amekatwa na chaza. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, ondoa vipande vya gamba, kisha funga. Jeraha likiwa la kina, au kama hakumbuki mara ya mwisho alipochanjwa dhidi ya pepopunda, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtu amechomwa na taa. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuyastahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, mkiwa njiani kutafuta matibabu. Maji ya moto hupunguza maumivu. Kulifunga jeraha kwa kamba hakusaidii.

Tope linanuka kama yai bovu. Ni hali ya kawaida, inayotokana na majani yanayooza mahali pasipo na hewa. Harufu ya choo ni jambo jingine. Ukiisikia, hasa baada ya mvua, ondoeni watoto mahali hapo.

Mmefika na maji yamejaa. Msisubiri mkiwa mmekaa juu ya mizizi. Ulizeni mtumbwi wa kuwapitisha horini, mradi nahodha awe na maboya ya kuvaa kifuani yanayowatosha watoto wenu, na mvae kabla ya kupanda. Asipokuwa nayo, nendeni kwenye magofu na mpange siku nyingine.

Watoto wanasema hawaoni kitu. Karibu kila mara sababu ni kelele au kutembea bila kusimama. Rudieni hatua ya 6, safari hii wakiwa wamechuchumaa. Spika ya muziki ibaki nyumbani, na kundi lisizidi watu wanane hivi. Sherehe ya siku ya kuzaliwa ina mahali pake, na pengi pa kuchagua mjini.

Tope limegoma kutoka kwenye nguo. Limeshakauka. Loweka kwenye maji baridi bila sabuni usiku kucha, lisuguliwe asubuhi, ndipo sabuni ifuate. Ukianza na maji ya moto, doa hilo litabaki. Raba zijazwe magazeti na kuanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali hubandua soli.